KIGARI CHA MTOTO: SOMO LA GURUDUMU, WENZO NA MTEREMKO

Vigari vya kusukumia watoto wachanga, ambavyo zamani vilionekana katika nyumba chache tu za mijini, siku hizi si ajabu tena katika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na miji yetu mingine. Vingine huuzwa vipya madukani. Vingine huletwa vikiwa vimekwisha kutumika Ulaya, vikauzwa pamoja na mitumba. Mzazi aendapo kununua hutazama rangi, hupapasa kitambaa, hukisukuma kigari hatua tano juu ya sakafu ya duka iliyo laini kama kioo, kisha hulipa. Sakafu ya duka ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kukijaribia kigari, maana hapo vigari vyote ni vyema. Tofauti baina ya kigari na kigari hujitokeza penye mchanga, penye jiwe, penye mteremko na penye ngazi.

Tofauti hiyo yaweza kukokotolewa kabla fedha hazijatoka mfukoni, tena kwa fizikia ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari. Ndiyo sababu nimekichagua kigari kiwe somo letu. Mwalimu atakuta ndani yake gurudumu, wenzo, kitovu cha uzito, msuguano na joto, vyote katika chombo kimoja ambacho wanafunzi wamekwisha kukiona kwa macho yao. Na hapa kosa la hesabu si alama zinazopotea katika mtihani. Ni mtoto anayeanguka kisogo.

Asili ya chombo

Mwaka 1733 William Kent, mbunifu wa majumba na bustani wa Uingereza, alitengeneza kigari kwa ajili ya watoto wa Mtawala wa Devonshire. Kilikuwa na umbo la kombe, nacho kilikusudiwa kukokotwa na mnyama mdogo, kama mbuzi. Kwa hiyo chombo cha kwanza kilikuwa kitu cha michezo cha matajiri, wala hakikuwa na mpini wa kusukumia. Mpini ulikuja katika karne iliyofuata. Mwaka 1889 William Richardson, Mmarekani mweusi, alipewa hataza kwa kigari ambacho kitanda chake kiliweza kugeuzwa, mtoto akamwelekea amsukumaye au akaelekea mbele.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1965. Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulikia miguu ya kutulia ya ndege za kivita zilizoitwa Spitfire, alichukua maarifa ya mabomba membamba ya alumini na viungo vya kukunjika, akaunda kigari kilichokunjwa kama mwavuli. Kilikuwa na kilo zipatazo 2.7 tu. Tangu hapo vigari vimegawanyika katika koo mbili: vizito vya magurudumu makubwa, na vyepesi vya magurudumu madogo. Katika miaka ya 1980 uliongezeka ukoo wa tatu huko Marekani, yaani vigari vya magurudumu matatu yenye matairi ya upepo, vilivyobuniwa kwa wazazi wapendao kukimbia. Karibu kila kigari kinachouzwa hapa kwetu ni mtoto au mjukuu wa mojawapo ya koo hizi, na kila ukoo ulizaliwa kwa ajili ya barabara fulani. Swali la kwanza la mnunuzi, basi, lahusu barabara yake.

Gurudumu na jiwe

Msomaji na achore duara, ambalo ndilo gurudumu, likisimama juu ya mstari wa ardhi. Mbele yake achore kidato kidogo, yaani jiwe au ukingo wa saruji, chenye kimo h. Nusu kipenyo cha gurudumu ni r. Uzito unaolielemea gurudumu ni W, nao huvuta kwenda chini kupitia katikati ya ekseli. Twataka kujua kani F, inayosukuma ekseli mbele kwa mlalo, ambayo itatosha kulinyanyua gurudumu likipande kidato.

Wakati gurudumu linapoanza kuinuka, huzunguka kwenye ncha ya kidato. Ncha hiyo ndiyo egemeo. Kani F iko juu ya egemeo kwa umbali wa r − h. Uzito W uko nyuma ya egemeo kwa umbali ambao, kwa kanuni ya Pythagoras, ni kipeuo cha pili cha (2rh − h²). Kwa sheria ya wenzo, zidisho la kani na umbali wake kutoka egemeo lazima liwe sawa pande zote mbili. Kwa hiyo:

F = W × √(2rh − h²) ÷ (r − h)

Tuweke tarakimu. Jiwe lina kimo cha sentimeta 3. Gurudumu la kigari cha mwavuli lina kipenyo cha sentimeta 15, yaani r ni 7.5. Chini ya alama ya kipeuo twapata 45 − 9 = 36, na kipeuo chake ni 6. Sita kwa nne na nusu ni 1.33. Sasa tuchukue gurudumu la sentimeta 30, yaani r ni 15. Chini ya alama twapata 90 − 9 = 81, na kipeuo chake ni 9. Tisa kwa kumi na mbili ni 0.75.

Kigari pamoja na mtoto kikiwa na kilo 18, na nusu ya uzito ikilala kwenye magurudumu ya mbele, W itakuwa nyutoni 90 hivi. (Katika makala haya nahesabu kwamba kila kilo moja huvutwa chini kwa nyutoni 10.) Gurudumu dogo litadai msukumo wa nyutoni 120 ili lipande jiwe lile, gurudumu kubwa litadai 67.5. Jiwe ni lile lile na mtoto ni yule yule.

Mwanafunzi makini atauliza: je, h ikiwa sawa na r? Hapo r − h ni sifuri, na F haina kikomo. Maana yake ni kwamba hata kama msukumaji angekuwa na nguvu za tembo, gurudumu la kipenyo cha sentimeta 15 halitapanda ukingo wa sentimeta 8 kwa kusukumwa kwa mlalo. Litagota, na kigari chote, kwa kuwa mikono iko juu na gurudumu limezuiliwa chini, kitainama mbele. Mtoto asiyefungwa mkanda hutoka hapo kama embe kutoka kapuni. Njia iliyobaki ni kuukandamiza mpini ili magurudumu ya mbele yanyanyuke kwanza. Kitendo hicho nacho ni wenzo, egemeo lake likiwa ekseli ya nyuma.

Mchanga

Juu ya sakafu ya saruji, ukinzani wa gurudumu linalobingirika ni mdogo mno. Tuseme ni asilimia 2 ya uzito. Kigari cha kilo 18 kitasukumwa kwa nyutoni 3.6, msukumo wa kidole. Katika mchanga mwepesi gurudumu huzama, na kila hatua lazima lipande kilima kidogo lililojichimbia lenyewe. Ukinzani ukifika asilimia 30 ya uzito, msukumo utakuwa nyutoni 54. Kwa safari ya kilomita moja, kazi inayofanywa yapanda kutoka jouli 3,600 hadi 54,000. Nimezitoa asilimia hizi kama mfano. Za mahali pako zitapatikana kwa mizani ya springi, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Kuzama hutegemea kanieneo, yaani uzito uliogawanywa kwa eneo la mgusano. Gurudumu jembamba la plastiki ngumu lina eneo dogo. Tairi pana la upepo lina eneo kubwa, nalo huelea juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia. Ubaya wake ni miiba. Familia ikaayo penye michongoma na migunga ichague tairi la povu lisilohitaji upepo, au la sivyo inunue pampu siku ile ile inunuapo kigari.

Niliishi miaka kadhaa katika mji mmoja wa Ulaya nikiwa mwanafunzi, wala sikumbuki kumwona mzazi hata mmoja akikivuta kigari kinyumenyume. Hapa kwetu ni jambo la kila siku: mama akifika penye mchanga hugeuka, akakikokota kigari nyuma yake. Wapo wanaomcheka. Wamcheke baada ya kupiga hesabu. Mikono ya msukumaji huteremka kutoka mabegani hadi kwenye mpini, tuseme kwa pembe ya nyuzi 30. Akisukuma kwa nyutoni 60, nusu yake, yaani nyutoni 30, huelekea chini na kulikandamiza gurudumu mchangani. Akivuta kwa kani ile ile na pembe ile ile, nyutoni 30 huelekea juu na kulipunguzia gurudumu mzigo. Tofauti baina ya kusukuma na kuvuta ni nyutoni 60, sawa na kumpakua kigarini mtoto wa kilo 6. Zaidi ya hayo, magurudumu ya mbele, ambayo aghalabu ndiyo madogo na yenye kuzungukazunguka, huinuka au huburutwa nyuma bila kuchimba. Yule mama hakusoma trigonometria, lakini miguu yake imeihisi.

Yafaa pia kutazama kama magurudumu ya mbele yanaweza kufungwa yasizunguke. Gurudumu linalozunguka huru hurahisisha kukata kona sokoni. Penye changarawe hugeuka upande na kugoma. Kifungo kidogo cha plastiki juu ya gurudumu humaliza taabu hiyo, na wanunuzi wengi hawajui kama kipo.

Mfuko wa unga kwenye mpini

Sasa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kubandikwa kwenye kila kigari kwa maandishi makubwa.

Tuchukue kigari chepesi cha kilo 5, ndani yake mtoto wa kilo 8 aliyelazwa nyuma. Umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimeta 60. Tumeweka magurudumu ya mbele juu ya mizani ya kupimia watu, yale ya nyuma yakiwa juu ya ubao wa kimo kile kile, na mizani imeonyesha kilo 3. Jumla ni kilo 13. Kwa hiyo kilo 10 zimelala nyuma. Kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote waweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika, kiko mbele ya ekseli ya nyuma kwa sentimeta 60 × 3 ÷ 13, ambazo ni 13.8 hivi.

Mpini umetokeza nyuma ya ekseli hiyo kwa sentimeta 30. Mzazi anarudi kutoka dukani na kuuning'iniza mfuko hapo. Ekseli ya nyuma ni egemeo: upande mmoja kuna kilo 13 kwa sentimeta 13.8, upande wa pili kuna mfuko kwa sentimeta 30. Kigari kitakuwa katika hali ya kuinuka mbele mfuko ukifikia kilo 13 × 13.8 ÷ 30, yaani kilo 6. Unga wa sembe kilo 5 pamoja na chupa ya lita moja ya mafuta hukaribia hapo. Mtoto akijinyoosha nyuma, au gurudumu likigonga kijiwe, kigari huanguka chali, na kisogo cha mtoto ndicho kinachotangulia chini.

Tena hayo ni ya mahali tambarare. Njia ikipanda, kitovu cha uzito husogea nyuma kuelekea juu ya ekseli. Kikiwa na kimo cha sentimeta 50 kutoka ardhini, kitafika juu ya ekseli ya nyuma pale ambapo tanjenti ya mwinamo ni 13.8 ÷ 50, yaani 0.277, na hiyo ni pembe ya nyuzi 15 na nusu. Hapo kigari hupinduka bila mfuko wowote. Viwango vya Ulaya hudai kwamba kigari kisipinduke kikiwekwa kwenye mwinamo wa nyuzi 12. Mfano wetu ungefaulu mtihani huo, lakini ungefaulu kwa nyuzi tatu na nusu tu, na mfuko wa kilo 2 kwenye mpini ungetosha kuufelisha. Mwanafunzi na ahakikishe mwenyewe, akichukua kwamba mfuko uko sentimeta 90 kutoka ardhini.

Kwa hiyo mizigo na iwekwe kwenye kikapu kilicho chini ya kiti, kati ya ekseli mbili. Huko huteremsha kitovu cha uzito na kukirudisha katikati. Kigari kisicho na kikapu chini kinamwalika mzazi kutundika mifuko mpinini. Mimi nisingekinunua hata kwa bei ya nusu.

Msomaji atakuwa amegundua mgongano. Tuliposema juu ya jiwe, tulipenda magurudumu ya mbele yawe mepesi. Sasa twaona kwamba wepesi huo wa mbele ndio unaokiangusha kigari nyuma. Hakuna fundi awezaye kutoa vyote viwili bure. Aweza kurefusha umbali baina ya ekseli, na hapo kigari hakiingii katika daladala. Aweza kuongeza uzito chini, na hapo hakipandishwi ngazi.

Kuhusu magurudumu matatu nitasema machache. Chombo cha magurudumu manne husimama juu ya mstatili, cha matatu juu ya pembetatu. Upana wa nyuma ukiwa sentimeta 60 kwa vyote viwili, na kitovu cha uzito kikiwa thuluthi moja ya njia kutoka ekseli ya nyuma kwenda mbele, kile cha magurudumu manne kina sentimeta 30 kila upande kabla ya kupinduka kando. Kile cha matatu kina 20 tu. Hakifai kukatisha kona ghafula kwa mwendo wa mbio, ijapokuwa kilibuniwa kwa wakimbiaji.

Mteremko na breki

Wakazi wa Lushoto, Bukoba na vilima vya Mwanza hawahitaji kuelezwa mteremko ni nini. Barabara iteremkayo mita moja kwa kila mita 10 huvuta kigari kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Tukitoa asilimia 3 kwa ajili ya ukinzani wa magurudumu, mchapuko unaobaki ni mita 0.7 kwa sekunde kwa sekunde. Mzazi akiuachia mpini ili afungue mkoba na kutafuta nauli, sekunde 5 baadaye kigari kitakuwa mita 8.75 mbali naye, kikienda mita 3.5 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu akimbiaye. Hesabu hiyo haina uzito wa mtoto ndani yake: mzito na mwepesi huondoka kwa mchapuko ule ule, kama Galileo alivyofundisha.

Breki ni za aina mbili. Ya kwanza ni kipande kinachosugua tairi. Hii hudhoofika tairi likilika, likilowa au likipungua upepo. Ya pili ni kipini kinachoingia katika meno ya gurudumu. Hii ama imeingia ama haikuingia, na ndiyo bora. Mnunuzi akanyage breki kisha ajaribu kukisukuma kigari chenye mzigo, mbele na nyuma, na aone kama magurudumu yote mawili ya nyuma yameshikwa.

Hata breki nzuri ina mpaka wake. Kigari kikielekezwa chini ya mteremko, uzito husogea mbele, na magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yenye breki, hubaki na mzigo mdogo. Msuguano hutegemea mzigo huo. Penye kokoto, magurudumu hayatazunguka lakini yatateleza. Ni vizuri kukiegesha kigari kikikingama mteremko, na kuvaa mkononi kamba iliyofungwa kwenye mpini. Kamba hiyo yaweza kushonwa nyumbani kwa mkanda wa begi kuukuu.

Mtoto mwenyewe

Hadi hapa nimemhesabu mtoto kama mzigo wa kilo kadhaa. Lakini mzigo huu unapumua. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni robo moja hivi ya urefu wa mwili wake, na misuli ya shingo haijapata nguvu. Akikalishwa katika kiti kilichosimama nusu, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya pumzi, ambayo ni nyembamba na laini, hujikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Yaweza kutokea kimya kimya, mzazi akidhani kwamba mtoto amelala. Kwa sababu hiyo mtoto ambaye bado hawezi kuketi mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida huja akikaribia miezi sita, hulazwa bapa. Vigari vingi vya mwavuli havilali bapa. Havikutengenezwa kwa ajili yake, hata kama muuzaji asema vinafaa.

Mkanda uwe wenye ncha tano: mbili mabegani, mbili viunoni, moja kati ya miguu. Ile ya kati ya miguu ndiyo inayopuuzwa, nayo ndiyo inayomzuia mtoto kuteleza chini hadi kichwa kikanaswa kati ya kiti na fimbo ya mbele.

Kisha kuna joto. Ni desturi kukitandikia kigari kanga juu ili kumkinga mtoto na jua. Kivuli ni kizuri, lakini kanga iliyofunika pande zote huzuia hewa kupita. Nuru hupenya kitambaa au hukipasha moto. Joto hilo na joto la mwili wa mtoto hukusanyika humo ndani bila upepo wa kuliondoa. Kuilowanisha kanga husaidia Dodoma, ambako hewa ni kavu na maji huyeyuka upesi. Dar es Salaam au Tanga wakati wa masika, hewa ikiwa imekwisha kujaa mvuke, hakusaidii sana. Kivuli kiwe juu tu, na pande ziachwe wazi.

Sitaacha kutaja bawaba. Kiungo cha kukunjia ni mkasi. Anayefungua kigari hushika fimbo sentimeta 60 kutoka kwenye bawaba; kidole cha mtoto kikiwa sentimeta 3 kutoka hapo, kani huongezeka mara 20, na msukumo wa nyutoni 50 hugeuka kuwa 1,000. Mnamo Novemba 2009, huko Marekani, vigari vya kukunjwa vipatavyo milioni moja vilitangazwa kurekebishwa baada ya kupatikana taarifa 12 za watoto waliokatwa ncha za vidole na bawaba. Vigari vikuukuu husafiri. Mnunuzi wa mitumba atazame kama bawaba zimefunikwa. Atazame pia kama kifungio cha pili, kile kinachozuia kigari kisijikunje mtoto akiwa ndani, bado kinalia "ta!" kinapoingia mahali pake.

Kigari au mbeleko?

Wapo wanaodhani kwamba kigari ni maendeleo na mbeleko ni ushamba. Fizikia haikubaliani nao. Mtoto aliyefungwa mgongoni amekaribiana na kitovu cha uzito cha mama, hana gurudumu la kuzama, apanda ngazi na daladala bila kukunjwa, na miguu yake imetanuliwa na kukunjwa magotini. Mkao huo wa nyonga, wasema madaktari wa mifupa, ni mwema: ulemavu wa nyonga zilizoteguka ni nadra katika jamii zinazobeba watoto mgongoni, nao huonekana zaidi palipo na desturi ya kuwaviringisha watoto miguu ikiwa imenyoshwa na kubanwa pamoja. Familia ikaayo mtaa wa mchanga mtupu wa Kigamboni, mwendo wa dakika 20 kutoka barabara ya lami, itapata faida kubwa zaidi kwa kanga mbili imara kuliko kwa kigari cha magurudumu madogo cha bei yoyote. Ikiwa lazima wanunue, wanunue cha matairi mapana, nao wajue watakikokota.

Kwa mkazi wa ghorofa ya tatu Upanga, penye ngazi bila lifti, jambo la kwanza ni kilo: kila safari ya juu humdai jouli 100 kwa kila kilo na kila mita 10. Hapo kigari cha mwavuli chashinda, na njia za lami za karibu hazikitishi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, yana vituo vilivyo sawa kwa kimo na sakafu ya basi, hivyo kigari huingia bila kunyanyuliwa; katika daladala sharti kikunjwe, tena kwa mkono mmoja, kwa maana mkono wa pili una mtoto. Wenye mapacha, na wazazi wenye maradhi ya mgongo, wana haki ya kutanguliza kigari mbele ya yote niliyoyasema.

Majaribio ya darasani

Darasa lisilo na kigari laweza kutumia toroli, au kijigari cha mbao kilichoundwa na wanafunzi. Ndani yake uwekwe mfuko wa mchanga wa kilo 8. Kamwe asitumiwe mtoto halisi.

Fungeni mizani ya springi mbele ya kigari, mkivute polepole kwa mwendo usiobadilika juu ya saruji, juu ya nyasi fupi, na juu ya mchanga. Gawanyeni kani mliyoisoma kwa uzito wote. Hiyo ndiyo sehemu ya ukinzani ya uwanja wenu. Rudieni mkivuta kwa kamba iliyoinuliwa nyuzi 30, na mlinganishe.

Tafuteni kitovu cha uzito kwa mizani ya kupimia watu kama nilivyoonyesha, kwanza mfuko ukiwa umeegemezwa wima, kisha ukiwa umelazwa nyuma. Kokotoeni mfuko wa mpinini utakaokiangusha kigari, ndipo mwaongeze vijiwe kwenye ndoo iliyotundikwa mpinini hadi kianguke kweli. Mkipata tofauti kubwa baina ya hesabu na tukio, pimeni upya umbali wa mpini kutoka ekseli ya nyuma, tena kwa mlalo, si kwa kufuata fimbo ya mpini. Hapo ndipo madarasa mengi hukosea.

Mwisho, chukueni maboksi mawili yaliyo sawa na vipimajoto viwili. Moja lifunikwe kwa kanga pande zote, la pili juu tu, yote mawili yawekwe juani kuanzia saa tano asubuhi. Someni vipimajoto kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja, mchore grafu mbili katika karatasi moja.